"Niko Nyumbani Tu": Historia ya Kazi za Nyumbani katika Msamiati wa Kiswahili

Karani wa sensa afikapo mlangoni na kumwuliza mama mwenye nyumba kazi yake, jibu lililozoeleka ni hili: "Sifanyi kazi, niko nyumbani tu." Jibu hilo hutolewa na mtu aliyeamka alfajiri, akachota maji, akawasha moto, akaogesha watoto, akafagia uwanja, na ambaye pengine wakati anajibu ana mwiko mkononi. Karani naye huandika anavyoambiwa. Si mjibuji wala mwandishi anayehisi kuwa amesema uongo, kwa sababu katika matumizi ya leo neno *kazi* limekwisha kupunguzwa maana hadi likabaki kutaja ile inayolipiwa, na neno dogo *tu* limekaa mwishoni mwa sentensi kufuta yote yaliyobaki.

Wako wanaoamini kwamba hali hiyo ni ya tangu na tangu: kwamba Mswahili, na Mwafrika kwa jumla, daima amejua kuwa jiko ni la mwanamke na baraza ni la mwanamume, na kwamba mazungumzo ya siku hizi kuhusu mume na mke kugawana kazi za nyumbani ni mageni yaliyoletwa na semina. Msamiati wa Kiswahili hauungi mkono imani hiyo. Ukifuatwa kwa makini, tangu karne ya 19 hadi sasa, unaonyesha kwamba swali la nani afue na nani apike lilijibiwa kwanza kwa kuangalia hadhi ya mtu, kisha kwa kuangalia malipo, na jinsia ikaja kuwa jibu la pekee katika nyumba zile tu ambamo hapakuwa na mtumwa wala mshahara. Jambo hili halimhusu mwanaisimu peke yake. Katika mahakama za Afrika Mashariki, maana ya neno *kazi* imepata kuamua kama mwanamke aliyeachwa ataondoka na fungu la nyumba au ataondoka na kanga zake.

Mjakazi na bibi

Inafaa kuanza na neno *mjakazi*. Wasemaji wengi wa leo, wakiwamo walimu, husikia ndani yake neno *kazi*, na hulifasiri kuwa ni "mja wa kazi", yaani mtu aliyewekwa kwa ajili ya kufanya kazi. Fasiri hiyo ni tamu lakini si sahihi. Sehemu ya *-kazi* katika neno hili ni mabaki ya kiishio cha kale cha Kibantu chenye maana ya mwanamke, kile kile kinachoonekana katika *omukazi* la Kiganda na *inkosikazi* la Kizulu. *Mjakazi*, basi, ni mja wa kike, mtumwa mwanamke, na ndivyo kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 ilivyolielewa. Hata hivyo, kosa la wasemaji wa leo lina historia ndani yake. Watu wawili waliokuwa mbalimbali katika neno, mwanamke na mfanyakazi, wameunganishwa na masikio ya vizazi vya baadaye wakawa mtu mmoja.

Katika miji ya pwani ya karne ya 19 hawakuwa mtu mmoja. *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa Pate yapata mwaka 1858, ndio ushahidi unaotajwa mara nyingi na wale wanaotaka kuonyesha kuwa mke wa Kiswahili alikuwa mtumishi wa mumewe. Mtunzi, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwusia bintiye Mwana Hashima namna ya kuishi na mume: amkande, ampepee, asimwamshe kwa kelele, asipuuze usafi wa nyumba. Wasomaji wengi huishia hapo. Wachache husimama kwenye ubeti ambamo mama anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa huduma. Ubeti huo unabadilisha picha nzima. Nyumba inayoelezwa ina watu wengine ndani yake, na hao ndio wenye kubeba maji, kutwanga, kupasua kuni na kufua. Anachoagizwa binti ni adabu ya mke wa kiungwana: kumhudumia mume kwa mkono wake, na kuisimamia nyumba inayofanyiwa kazi na wengine. Ann Biersteker alishauri mwaka 1991 kwamba utendi huu usisomwe kama utii mtupu, kwa kuwa una ujanja wa mtu anayejua mamlaka yanavyofanya kazi. Ushauri huo una uzito, ingawa hata msomaji asiyeukubali hawezi kuwafuta watumwa wale katika ubeti.

Picha hiyo hiyo, kwa kiwango cha kifalme, inapatikana katika kumbukumbu za Salme, binti wa Sayyid Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaikumbuka Beit el Mtoni kuwa ni kasri la watu wapatao 1,000. Binti aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo alijua kuamuru jiko. Kuliingia ni jambo jingine, na alipofika Hamburg baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866 alilazimika kujifunza ukubwani uendeshaji wa nyumba ambao kila mke wa mfanyabiashara wa mji ule aliujua tangu utoto. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye, katika *Desturi za Wasuaheli* iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, anawatenga *mzalia* na *mjinga*, mtumwa aliyezaliwa nyumbani na yule mgeni aliyeletwa karibuni, na tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa katika kuamua nani atafanya kazi ipi.

Hapana budi kuweka mpaka hapa. Nyumba zenye watumwa hazikuwa nyumba zote. Mke wa mvuvi maskini alitwanga mwenyewe, na huko bara, katika jamii za wakulima na wafugaji, mwanamke alibeba jembe, kuni, maji na mtoto bila ya mjakazi wa kumpokea. Hoja si kwamba wanawake wa zamani walistarehe. Wajakazi wenyewe walikuwa wanawake, na hakuna aliyefanya kazi kuwazidi. Hoja ni kwamba katika utamaduni ule wa mijini ambao ndio uliokipa Kiswahili sehemu kubwa ya msamiati wake wa adabu na unyumba, kufua na kupika hakukuwa alama ya *mke*. Kulikuwa alama ya *mja*.

Baada ya kukomeshwa utumwa

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini masuria waliachwa nje, kwa hoja kwamba wao walikuwa kama wake. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1909 ndipo amri ikawafikia. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe hizi husomeshwa kama historia ya siasa na ya mashamba ya karafuu. Ni nadra kusomeshwa kama historia ya jiko, ilhali jikoni ndiko zilikoingia kwa kishindo. Mjakazi alipoondoka, au alipobaki kwa masharti mengine, kinu hakikuondoka naye.

Kuachwa nje kwa masuria mwaka 1897 kunastahili kutazamwa tena. Waliotunga amri ile walikuwa na watu wa aina tatu mbele yao: mtumwa, suria na mke. Walipomweka suria upande wa mke, walikiri bila kukusudia kwamba mpaka kati ya kazi ya mtumwa na kazi ya mke haukuwa wazi kwao, na kwamba penye shaka ndoa ndiyo ingeimeza kazi. Wanahistoria wa sheria wameieleza amri hiyo kwa urefu. Wanaisimu hawajaitendea haki.

Katika masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989, Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyezaliwa yapata mwaka 1890 katika ukoo uliokuwa na watumwa, anakumbuka nyumba iliyojaa watu wa kutumwa. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kuona mwisho wa desturi hiyo. Wajukuu wa mabibi wa aina yake walikua wakijua jambo jingine: kwamba mke ndiye afagiaye. Walichokipokea kama mila ya mababu kilikuwa, katika nyumba nyingi za waungwana, na umri usiozidi umri wa bibi yao.

Boi

Wakati huo huo, katika Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Elisabethville, kazi hizo hizo zilikuwa zikifanywa na wanaume. Kiswahili kilipokea maneno ya kuwaita: *boi* kutoka Kiingereza, *dobi* kutoka Kihindi, na *mpishi* ambalo lilikuwamo tangu hapo. Boi aliweza kuwa na mvi na wajukuu; jina lake halikuhesabu umri wake. Alitandika vitanda, akapiga pasi magauni ya mke wa bwana, akaosha vyombo, akakanda unga wa mkate. *Yaya* peke yake, neno lililopitia Kireno na lugha za Bara Hindi kabla ya kufika pwani, lilielekea kwa mwanamke, maana mtoto mchanga aliaminiwa kwake.

Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watumishi wa majumbani nchini Tanzania, ameonyesha kwamba utumishi huo ulikuwa kazi ya kiume kwa muda mrefu wa karne ya 20, na kwamba wanawake waliuingia kwa wingi baadaye, ujira ulipokuwa umeshuka na wanaume wakipata milango mingine. Mpishi wa kiume aliyejifunza kuoka keki katika nyumba ya ofisa wa serikali hakuona fedheha. Alikuwa na ufundi, barua za sifa na mshahara. Aliporudi kwake jioni, akakaa barazani akingoja kupakuliwa. Mikono ni ile ile, moto ni ule ule. Kilichobadilika ni malipo.

Sarufi ya Kiswahili haikumzuia. Lugha hii haina jinsia ya kisarufi: *mpishi*, *mfuaji*, *mlezi*, *mtumishi* huingia katika ngeli ya mtu bila kuulizwa kama ni mume au mke. *Mpishi* limetokana na *pika* kama *mtumishi* lilivyotokana na *tumika*, kwa kiambishi cha mtenda. *Mtumwa*, kwa upande wake, limebeba *-w-* ya kutendwa. Kiswahili kinapambanua kwa ukali kati ya atendaye na atendwaye. Kati ya mume na mke jikoni hakipambanui hata kidogo.

Luise White, akichunguza Nairobi ya ukoloni katika kitabu cha mwaka 1990, aliikuta hesabu hiyo ikifanywa upande wa pili. Wanawake wa Pumwani walioitwa malaya hawakuuza kitanda pekee. Mgeni wao, mwanamume aliyeacha mke kijijini, alipata pia chakula, chai ya asubuhi na maji ya moto ya kuoga, na vyote viliingia katika malipo. Mitaani Nairobi kazi ya mke ilikuwa na bei inayojulikana. Ndani ya ndoa ilikuwa haina. Baadhi ya wanawake hao walijenga nyumba zao wenyewe kwa fedha hizo, jambo ambalo wake wengi wenye cheti cha ndoa wasingeweza kulifikia.

Serikali za kikoloni nazo zilikuwa na ndimi mbili. Usumbura, mji ambao mtaa wake wa Buyenzi ni wa Waswahili, Wabelgiji waliendesha kati ya 1946 na 1960 kituo cha kuwafunza wanawake wa Kiafrika kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba, kama alivyoeleza Nancy Rose Hunt. Waliofundishwa kwamba pasi ni pambo la mke walikuwa na waume na kaka ambao mchana ule ule walikuwa wakipiga pasi katika nyumba za Wabelgiji. Shule nyingi za wasichana zilifuata mtindo huo, na baada ya uhuru somo la Sayansikimu liliendelea kwa muda mrefu kuhesabiwa kuwa la wasichana.

Saa 12 au 14

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi jambo ambalo wanasiasa wa wakati ule walikuwa hawalisemi jukwaani: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, zikiwamo Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wengi wa huko huko wana mapumziko ya nusu ya maisha yao. Katika *Ujamaa Vijijini*, mwaka huo huo, Julius Nyerere alikiri kwamba jamii ya jadi aliyokuwa akiisifu ilikuwa na dosari hiyo moja kubwa, ya kumweka mwanamke chini. Ni haki kumsifu kwa kukiri. Ni haki pia kusema kwamba dawa iliyopendekezwa ilikuwa shamba: wanaume waongeze saa zao kwenye jembe. Jiko halikuguswa. Vijiji vya Ujamaa vilipanga zamu za shamba la pamoja, lakini zamu ya kinu haikuwahi kupangwa kwa sera.

Kilichoitikisa nyumba ya mjini hakikuwa sera. Katika miaka ya 1970 ya mwisho na ya 1980 mshahara wa mume uliporomoka hadi ukawa hautoshi hata nusu ya mwezi, na wake wakaanza *miradi*: maandazi, barafu, vitumbua, kuku, ushonaji. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, aliona jinsi mapato hayo yasiyo rasmi yalivyokuja kuibeba nyumba. Lugha ilipokea hali hiyo kwa *mama ntilie*, jina lililozaliwa na sauti ya mteja mwenye njaa. Upishi uliokuwa "kukaa nyumbani tu" ulisogezwa hatua ishirini hadi kando ya barabara, ukawa biashara. Baadaye maofisa walilisafisha jina likawa *mama lishe*. Na wanaume walipoingia katika biashara hiyo, likazaliwa *baba lishe*. Tukio hilo la mwisho lisipuuzwe na wanafunzi wa uundaji wa maneno. Mwanamume anayepika ugali kwa wateja alipata jina lake mara moja. Mwanamume anayepika ugali kwa watoto wake hajapata.

Mama alipotoka, mtu mwingine aliingia, aghalabu binti mdogo kutoka kijijini. Akaitwa *hausigeli*, *dada wa kazi*, na vijana wa mjini wakamwita *beki tatu*. Mke asiyetoka akaitwa *golikipa*. Maneno haya mawili yameokotwa katika uwanja wa mpira, na yanachekesha, lakini mpangilio wake ni wa kweli kuliko takwimu nyingi. Nyumba imekuwa timu. Mwanamke mmoja yuko langoni, mwingine yuko ulinzini, na hakuna aliyeona haja ya kubuni neno la mshambuliaji, kwa sababu kila mtu anamjua. Magoli hufungwa na mshahara. Wanaozuia nyumba isianguke hawaandikwi kwenye ubao wa matokeo.

"Mke tu"

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, iliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana katika ndoa kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na haikueleza juhudi ni nini. Kwa zaidi ya miaka 10 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa kawaida wa mke na hakununui matofali. Wapo waliosema kwamba mume hawezi kununua matofali ikiwa hana wa kumpikia na kumlelea.

Mgogoro huo ulifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, mbele ya jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mwombaji alikuwa mwanamke aliyeachwa baada ya ndoa ya miaka kama tisa, ambaye madai yake ya fungu katika nyumba yalikataliwa chini kwa hoja kwamba nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume na yeye alikuwa mke tu. Hapa lile neno dogo la mlangoni pa karani linakutwa mahakamani, likiwa na nguvu ya kumnyima mtu paa. Mahakama ya Rufani ililikataa. Iliamua kwamba juhudi na kazi zinazotajwa na kifungu zichukuliwe kuwa ni pamoja na juhudi au kazi za nyumbani za mume na za mke, kwa sababu sheria ilitungwa ili kuponya dhuluma ya muda mrefu dhidi ya wake.

Maneno "za mume na za mke" yanastahili kusomwa taratibu. Mahakama haikusema kazi za nyumbani ni za mke na zilipwe. Ilisema zinaweza kuwa za yeyote kati yao, na za yeyote zihesabiwe. Wengi wanaoitaja hukumu hiyo husahau nusu hiyo, kama wanavyosahau kwamba mwanamke mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona kuwa fedha alizokabidhiwa na mume za kuanzisha mradi wa familia alizitumia vibaya, na mchango wake ukahesabiwa kuwa umekwisha. Aliwashindia wengine kesi ambayo yeye aliipoteza.

Kenya ilichukua njia ndefu zaidi. Mwaka 2007 Mahakama yake ya Rufani, ikitumia sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882, ilikataa kuhesabu mchango usio wa fedha. Katiba ya mwaka 2010 ilitamka usawa wa mume na mke katika ndoa na wakati wa kuvunjika kwake, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaorodhesha kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba miongoni mwa michango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu bila kuuliza: kila upande sharti uthibitishe ulichochangia. Uamuzi huo unaweza kutetewa kisheria, ingawa unamtwisha mwanamke mzigo wa ajabu. Mwenye kununua saruji huweka risiti. Aliyepika kwa miaka 20 ataleta nini?

Tangu mwaka 2021, Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wafasiri wa sheria sasa wamo katika kuchagua maneno ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo atayasoma. Wakichagua *kazi*, au *shughuli*, au *huduma*, watakuwa wameamua zaidi ya mtindo. *Huduma* ni neno la utendi wa Pate, na liliwahusu watumwa.

Limbwata na kusaidia

Wanaume wanaoosha vyombo wapo, na wanaongezeka, hasa mijini, ambako wote wawili hutoka asubuhi na nyumba hurudiwa usiku. Lugha bado haijui iwaweke wapi. Tanzania husema mwanamume huyo *amelishwa limbwata*, yaani ametiliwa dawa katika chakula hata akawa mtiifu kwa mkewe. Kenya husema *amekaliwa*. Anayeishi kwa kipato cha mke ni *marioo*, na anayehamia nyumbani kwa mke husemwa kwa kejeli kuwa *ameolewa*. Baadhi ya wachambuzi wamejenga ghorofa nzima juu ya jozi ya *oa* na *olewa*, kana kwamba kauli ya kutendwa ndiyo iliyowaonea wanawake. Wanasahau kwamba watu *huoana* pia, na kwamba kiambishi hakimpigi mtu. Hata hivyo, ni kweli kwamba dhihaka zote hizi humweka mwanamume mahali pa kutendwa: kulishwa, kukaliwa, kuolewa. Haziamini kwamba anaweza kuosha sahani kwa kutenda, kwa hiari na akili zake timamu.

Mwenyewe anapojieleza, husema, "Ninamsaidia mke wangu." Kauli hiyo ni ya upole, na wake wengi huipokea kwa shukrani. Lakini kitenzi *saidia* kinamtaka mwenye kazi na mwenye kuongeza mkono, na kinaacha kazi palepale ilipokuwa. Kauli ya kutendea hufanya vivyo hivyo: mke *humpikia*, *humfulia*, *humpigia* pasi mumewe, ni nadra kusikia mume *akimfulia* mkewe, isipokuwa mke anapougua au anapojifungua, na hapo jirani hulisimulia kama habari. Wapo wanandoa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaosema kwa kifupi "leo ninafua", bila ya kiambishi cha kumtaja anayefuliwa, kama mtu anayesema ninalala au ninaondoka. Kamusi hazina namna ya kuandika badiliko hilo, kwa kuwa hakuna neno jipya lililoongezwa. Kuna silabi moja iliyoachwa.